Chumvi Iliyokwama Darajani

Majaruba ya chumvi tunayoyafanyia kazi pale Mchinga aliyaacha marehemu baba yangu. Yako nyuma ya mikoko. Bahari ikijaa bamvua tunafungulia mfereji, maji yanaingia, tunayafungia humo, na jua linamalizia kazi iliyobaki. Mume wangu aliponioa alikuta kila kitu kipo: majaruba, wafanyakazi, wanunuzi wa Lindi. Yeye ni Mmakonde wa Newala, amekulia kwenye mikorosho na mihogo, na bahari aliianza ukubwani. Watu wa kijijini walimwita "shemeji wa chumvini." Walikuwa wakimtania, naye akicheka nao, na mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba utani ule haukumgusa.

Kisha mwaka mmoja alikwenda kumtembelea mama yake mkubwa, dada wa marehemu mama yake, anayeishi ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Alirudi na uso wa mtu aliyeokota kitu.

"Mama watoto," aliniambia hata viatu hajavua, "kule chumvi nzuri ni adimu. Mama mkubwa ana duka, anauza ya kupimia kwa kikombe, nyeusi, ina mchanga. Nimemwambia mimi ninayo. Nitamletea lori zima."

Nilisikia alivyosema "mimi ninayo." Sikumsahihisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiitaja chumvi ile kama kitu chake, na nilifurahi. Majaruba yalikuwa ya baba yangu, wanunuzi wa Lindi walikuwa wa baba yangu, lakini soko la ng'ambo ya mto lingekuwa lake.

Basi alilishika mwenyewe tangu mwanzo. Alisimama kwenye majaruba juani, akasimamia uvunaji, ukaushaji, na unyunyiziaji wa madini joto, ile dawa ya kuzuia tezi la shingo ambayo chumvi ya kula lazima iwe nayo. Tulikuwa tunaipulizia kwa bomba la mgongoni, kama lile la kupulizia mikorosho, na hapo yeye alikuwa fundi kuliko sisi sote wa pwani. Chumvi ilitoka nyeupe. Tuliifunga kwenye mifuko ya sandarusi iliyochapwa kwa rangi ya buluu: chumvi ya kula yenye madini joto.

"Na karatasi za mpakani?" nilimuuliza.

"Niachie mimi. Nina rafiki yangu Masasi, amevusha vitenge na mafuta ya kupikia miaka mingi. Anajuana na watu."

"Kujuana ndiyo karatasi?"

Alinitazama, si kwa hasira, lakini macho yalisema nisiendelee. Sikuendelea. Kazi nyingine zote nilikuwa nazijua. Hii alikuwa anaijua yeye, au alisema anaijua, na nilitaka awe nayo.

Lori liliondoka msimu wa kuvuna ukielekea mwisho. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameshaanza kusimama upande wa bara. Alipanda mbele pamoja na dereva, amevaa shati alilolivaa kwenye harusi ya mdogo wangu, akanipungia mkono mpaka walipokata kona ya kwenda barabara ya Lindi.

Simu ya kwanza ilikuwa nzuri. "Tumefika mpakani. Kesho asubuhi tunavuka, inshallah." Kesho yake akasema kuna karatasi moja inaangaliwa. Siku iliyofuata ikawa mtandao, na iliyofuata, rafiki yake yuko njiani anakuja kuzungumza na watu. Baadaye simu zikawa fupi. "Kesho," alikuwa anasema, na mimi nikijibu, "Haya, kesho." Sauti yake ilianza kufanana na ya mtu anayeongea huku amegeukia ukuta.

Mvua ilinyesha Mchinga. Nilisimama barazani nikiitazama, nikawa naliwaza turubai la lile lori. Nilikuwa nimeliona wakati wa kupakia; lilikuwa na viraka.

Aliyenipigia baada ya hapo hakuwa mume wangu. Alikuwa dereva.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mama, njoo. Mzee hali chakula. Na mzigo unayeyuka."

Nilipanda basi la Masasi, kutoka hapo nikapata gari la Mangaka, na mwisho bodaboda mpaka kwenye daraja la Ruvuma, palipo na mpaka. Njia nzima nilikuwa nafikiria maneno ya kumwambia, yote makali. Nilipofika nikayasahau.

Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni ya uwanja wa ukaguzi, na chini yake kulikuwa na dimbwi. Siku ile mvua haikuwa ikinyesha. Dimbwi lile lilikuwa maji ya chumvi, yakidondoka kupitia kwenye mbao za bodi, taratibu, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Dereva alikuwa amechuchumaa akilitazama gurudumu la nyuma.

"Chumvi inakula gari langu, mama," alisema. "Boliti zimeanza kuwa nyekundu. Mimi nilikodiwa kuvuka mto, sikukodiwa kuozea hapa."

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya kipande cha gogo upande wa pili wa lori. Shati la harusi lilikuwa limeingia matope. Alipoinua kichwa hakuniuliza nimefikaje. Alisema tu, "Nani amekuita?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Kesho tunavuka."

Nilimwomba karatasi, akanipa, nami nikaenda ofisini.

Afisa wa forodha aliyenipokea alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza. Alinisalimia shikamoo, akanivutia kiti, na hilo lenyewe lilinivunja nguvu, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Mama, mimi sijalizuia gari lenu," alisema. "Limejizuia. Soma hapa."

Nikasoma. Karatasi zote za mzigo zilisema chumvi ghafi, ile ya kusindikia ngozi na kulambisha ng'ombe.

"Sasa twende nje usome mifuko," akasema.

Sikuhitaji kwenda nje. Mifuko tulikuwa tumeichapisha sisi.

"Chumvi ghafi haiulizwi cheti cha kupimwa madini joto," alinieleza. "Ya kula inaulizwa. Aliyewaandikia hizi alitaka kukwepa siku za kusubiri maabara. Amekwepa siku chache, amewaletea hizi zote. Na ningewaachia mimi, wenzangu wa ng'ambo wangewashika mkiwa katikati ya nchi ya watu."

"Rafiki wa mume wangu ndiye alitengeneza."

"Yuko wapi?"

Simu ya rafiki ilikuwa haipatikani tangu mvua ya kwanza. Baadaye sana tulisikia alikuwa yupo Masasi muda wote, akinywa chai mahali pake pa siku zote. Hakuwa tapeli, nadhani. Alikuwa mtu wa vitenge. Kwenye vitenge njia zake zilikuwa zinapita, akaamini zitapita na kwenye chumvi.

Nilimwuliza yule afisa kama kuna njia. Akasema ipo, ya halali, na haikuwa ngumu: karatasi zifutwe, ziandikwe upya kwa jina la kweli, chumvi ichukuliwe sampuli ipimwe, ipate cheti, na kila mahali, kwenye mfuko na kwenye karatasi za pande zote mbili za mto, kusomeke kitu kimoja. "Mngefanya hivi kabla ya kupakia, mngelala hapa usiku mmoja tu, au hata msingelala," alisema. Hakusema kwa kunisuta. Ilionekana ameshawaambia watu wengi maneno hayo.

Tukaandika upya. Mume wangu ndiye mwenye mzigo kwa jina, kwa hiyo ilibidi aingie ofisini asaini. Alisaini bila kukaa. Sampuli zikachukuliwa kutoka juu, katikati na chini ya bodi, tukasubiri tena, na mvua ikanyesha tena.

Majibu yalipokuja, mifuko ya juu ilikuwa imefaulu. Ya katikati na ya chini ilikuwa imeshindwa. Maji yaliyopenya kwenye viraka vya pembeni mwa turubai yalikuwa yametuama huko katikati na chini, yakaondoka na madini joto yote aliyoyapulizia mume wangu kwa mkono wake, na sehemu kubwa ya chumvi yenyewe. Iliyobaki ilikuwa imeshikana kama tofali. Dereva alipiga mfuko mmoja teke ukatoa mlio wa jiwe.

"Basi tuvushe hiyo ya juu," nilisema.

"Lori zima nilimwahidi," mume wangu alijibu. "Siwezi kumpelekea mama mkubwa makombo."

"Kidogo ni bora kuliko mikono mitupu."

"Kwako wewe."

Yalikuwa maneno mawili tu, lakini nilijua yametoka mbali, kutoka kwenye miaka yote ile ya "shemeji wa chumvini." Dereva alijifanya anafunga kamba.

Kesho yake asubuhi tulichukua vibali vya muda tukavuka daraja kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, tukapata pikipiki upande wa pili. Aliona afadhali kumwambia mama mkubwa ana kwa ana kuliko kumwacha asikie kwa wapita njia. Kwa hilo nilimheshimu.

Mama mkubwa alikuwa mwanamke mfupi, ana chale za zamani usoni, amejifunga kanga juu ya nyingine. Alipotuona alipiga kigelegele, na kabla hatujasema lolote majirani wakaanza kutoka kwenye nyumba zao na madishi na ndoo. Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa amewatangazia. Tangu mume wangu alipotoka kwake alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe wa Tanzania analeta chumvi. Rafu nzima ya duka lake alikuwa ameiacha wazi, ameifuta vumbi, ametandika gazeti.

Mume wangu alizungumza naye Kimakonde. Mimi Kimakonde changu ni cha kuomba maji na kumpa mtu pole, lakini sikuhitaji kukielewa. Nilimwona yule mama anavyosikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilimwona anawageukia wale wenye madishi na kusema jambo fupi. Wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, bila kunung'unika, na ndivyo ilivyouma zaidi. Mwanamke mmoja alimpita mume wangu akamgusa bega, kama wanavyofanya msibani.

"Karibu mkwe wangu, kaa," mama mkubwa aliniambia kwa Kiswahili. "Mmetembea. Mtakula."

Akatupikia ugali wa muhogo na majani ya kunde. Mume wangu alikula. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akila tangu nifike. Alikula akiitazama sahani tu, na mama mkubwa akawa anamwongezea kila anapopunguza, kama anayemlisha mgonjwa.

Tulirudi Mchinga na lori lenye mifuko ya mawe. Ile ya juu iliyofaulu tuliwauzia wenye maduka njiani, na ile iliyoharibika tukaimwaga nyuma ya majaruba, mahali ambapo mpaka leo hapaoti nyasi. Dereva, maana lori lilikuwa lake, tulimlipa aliyostahili, na sitaki kuyazungumzia hayo.

Ninalotaka kulizungumzia ni mwaka uliofuata, ambao ulikuwa mgumu kuliko dimbwi lile chini ya gari.

Mume wangu hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningejua la kufanya. Aliacha kwenda kukaa na wenzake baada ya sala ya alasiri. Aliacha kucheka akitaniwa, kwa hiyo watu wakaacha kumtania, na kijiji kisichokutania kimeshakuweka kando. Alifanya kazi majarubani mpaka mgongo ukamkatalia. Nikimwuliza kitu alijibu, "Sawa, mama watoto." Kila kitu kilikuwa sawa.

Mimi nilikuwa siwezi kuisahau rafu ile iliyotandikwa gazeti. Kiangazi kilipoanza, kabla hatujavuna hata debe, nilimwambia nataka kwenda mpakani.

"Kufanya nini, na chumvi haipo?"

"Ndiyo maana. Nikaulize kabla haijakuwepo."

"Utawaambia nini? Kwamba mumeo ndiye yule wa mwaka jana?"

"Hawatakukumbuka. Wanaona malori kila siku."

"Watanikumbuka," alisema. "Unataka nchi mbili zijue kwamba nilikosea."

"Nataka mama mkubwa apate chumvi."

"Nenda basi. Mimi siendi."

Nilikwenda. Yule afisa hakuwepo tena, alikuwa amehamishwa, lakini aliyekuwepo alinijibu vilevile, na niliyemuuliza upande wa pili wa daraja, kwa msaada wa mtu wa kutafsiri Kireno, naye hakuniambia la kushangaza. Walitaka ukweli ule ule uandikwe kila mahali. Nilichojifunza kikubwa ni mpangilio: gari ndilo liwe la mwisho kutoka nyumbani. Chumvi ipimwe ikiwa bado ghalani, kavu, na cheti kipatikane kabla ya kuita lori. Uzito uandikwe kama mizani inavyosema, si kama tunavyozoea kukadiria. Cheti cha kuonyesha kwamba bidhaa imetoka Tanzania kiombwe mapema, maana bila hicho ushuru wa upande wa pili ni mwingine kabisa. Na nakala za yote hayo zitangulie kwa wakala wa ng'ambo, azisome, aseme kama kuna neno halikai vizuri kwa lugha yake, wakati bado linaweza kubadilishwa.

Mama mkubwa ndiye aliyenitafutia wakala, mtu mzima anayeheshimika pale kwao. Huyo kweli alilikuta neno moja. Kwenye tafsiri ya Kireno mtafsiri alikuwa ameandika chumvi ya bahari bila kutaja kwamba ni ya kula. Niliposoma ujumbe wake kwenye simu nilikuwa nimesimama kwenye ghala letu, mifuko mipya imepangwa mpaka darini, lori bado halijaitwa. Nikakaa juu ya chumvi. Kosa lilikuwa dogo kabisa, na lingetuketisha pale pale kwenye gogo.

Tulipakia katikati ya kiangazi, mbingu haina hata unyoya wa wingu. Mume wangu aliongoza upakiaji. Alikagua turubai kwa kulala chini yake na kutazama jua kupitia kitambaa, akatafuta matundu, akalikataa la kwanza na la pili. Alifunga kamba zote mwenyewe. Lori lilipowashwa nilimfungulia mlango wa mbele.

"Twende," nilimwambia. "Ni mzigo wako."

Akatikisa kichwa. "Ni wako. Wewe ndiye uliyeuvusha, hata kabla haujaondoka."

Sikujua kama ananisifu au ananishitaki, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Nikapanda.

Tulifika mpakani asubuhi. Walilinganisha karatasi na mifuko, wakapima, wakapiga mihuri. Ng'ambo wakafanya hivyo hivyo, na adhuhuri ikatukuta tunashusha mifuko kwa mama mkubwa. Watu walikuja na madishi. Safari hii hakuwa amewatangazia, walilisikia lori. Nilimpigia mume wangu kwenye kelele zile.

"Tumevuka."

"Alhamdulillah," alisema, na nikasikia anavuta pumzi. "Mama mkubwa amesema nini?"

Mama mkubwa alikuwa pembeni yangu, akiniangalia mdomoni. Jambo la kwanza aliloniuliza niliposhuka lilikuwa, "Mwanangu yuko wapi?" na niliposema amebaki na kazi, aligeuka akaanza kuhesabu mifuko kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Amekuulizia," nilimwambia mume wangu.

Akaniuliza kama kamba zilishikilia njiani, kisha akakata simu.

Tangu hapo tumepeleka chumvi kila kiangazi, na lori halijawahi kulala pale darajani zaidi ya usiku mmoja. Wenzetu wa Kilwa na Kiswere wanapotaka kuvusha bidhaa zao huja kwangu kuuliza, nami huwaambia yote ninayoyajua. Wakiuliza nilijifunzia wapi, huwa nasema mpakani. Mume wangu akiwepo anainuka na kwenda kuangalia mfereji.

Mwaka jana mama mkubwa alianza kupoteza macho. Habari zilitufikia jioni. Asubuhi nilimkuta mume wangu amefunga begi dogo, hana mzigo mwingine wowote. Alikaa huko wiki kadhaa. Aliporudi alikuwa amekonda. Kisha tukiwa majarubani, tunakokota chumvi kuelekea kingoni, akasema bila kuinua kichwa:

"Hakuniona. Alinijua kwa sauti."

"Akasemaje?"

"Akanishika mikono, akaanza kuikanda vidole kimoja kimoja. Akasema ina magaga ya chumvi. Basi."

Akaendelea kukokota. Nilitaka kumuuliza kama alilia, kama walizungumza kuhusu siku ile ya madishi, kama kiangazi hiki atapanda lori. Lakini alikuwa ameshafika mwisho wa jaruba, amenipa mgongo, na jua lilikuwa kali, na kazi bado ilikuwa nyingi.